Mama Keshafika Ulaya

Ndugu msomaji, ukitoka Mikumi ukashika njia ya Kilosa, utapita Ulaya. Sikutanii. Ni kata ya wilaya ya Kilosa, ina mashamba, ina watu wanaolalamikia bei ya mahindi kama watu wengine. Mwaka jana mama yangu alipita Ulaya hiyo mara nne, kwenda na kurudi, safari mbili. Hakuna aliyemsimamisha kumuuliza ana shilingi ngapi benki wala atarudi lini kwao. Konda alidai nauli, basi.

Safari zote mbili alikuwa anafuata karatasi Kilosa mjini, ili aombe upya kwenda ile Ulaya nyingine, iliyokuwa imemkatalia.

Kisa chenyewe ni kifupi. Dada yangu anaishi huko na mumewe. Alipojifungua mtoto wa kwanza akaandika barua ya mwaliko, akaahidi nauli na malazi. Mama ana miaka 63, hajapanda ndege tangu azaliwe. Tukajaza fomu, tukalipa ada, tukaenda Dar kutoa alama za vidole. Baada ya wiki tatu jibu likaja: hapana. Nchi yenyewe siitaji, maana sina ugomvi na karani mmoja. Ugomvi wangu ni na fikra iliyomtuma. Barua ilisema mwombaji hakuthibitisha pesa zake zinatoka wapi, na kwa hiyo ofisa hakuridhika kwamba angerudi nyumbani.

Angerudi nyumbani! Mama, ambaye akilala Morogoro siku mbili anaanza kuuliza nani kawafungia kuku!

Msidhani hiyo ni roho mbaya ya mtu mmoja. Ni sheria. Tazama Marekani: sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamhesabu anayeomba viza ya kutembea kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe kwamba siye. Mahakamani mtu hana hatia mpaka ithibitike. Dirishani mambo ni kinyume. Tazama Uingereza: haki ya kukata rufaa ukinyimwa viza ya kutembelea ndugu ilifutwa mwaka 1993, ikarudishwa mwaka 2000, ikafutwa tena Juni 2013. Leo aliyekataliwa anaambiwa aombe upya, hata kesho akitaka, mradi alipe tena. Na ada yenyewe mwaka 2025 ilipandishwa kutoka pauni 115 hadi 127, na ukinyimwa hairudi. Jamani, hata muuza vitunguu wa Mikumi akikosa chenji anakurudishia hela yako!

Sasa geuza shingo utazame upande wa pili. Hifadhi ya Mikumi ipo tangu mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati. Mgeni kutoka Uingereza analipa dola 50 za viza, kwa mtandao au akishatua uwanjani, kisha anakwenda kupiga picha twiga. Hakuna anayemtaka athibitishe kwamba hatahamia Mikumi akalime mpunga. Yeye anaitwa mgeni tangu akiwa kwao. Mama anaitwa mhamiaji hata kabla hajafunga mzigo.

Ningeishia hapa mngenipigia makofi. Kulaani mabeberu ni rahisi, tumezoea, na wanastahili. Lakini leo nina neno na sisi wenyewe.

Barua ya kukataliwa ilipofika, mtaa mzima ukageuka wataalamu. Mmoja akasema tumwekee mama milioni nane kwenye akaunti, zikae mwezi, tutoe taarifa ya benki, halafu zirudi kwa mwenyewe. Wa pili, kishoka mmoja wa mjini, alikuwa na barua za kampuni tayari; ilibaki kujaza jina, mama awe mkurugenzi. Wa tatu akashauri tuchukue pasipoti mpya na tusitaje kabisa kwamba tuliwahi kunyimwa. Na mimi, washkaji, nilikubali la kwanza. Nakiri mbele yenu. Nilishaanza hata kutafuta wa kuniazima.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, huku anapepeta mchele. Kisha akasema: "Nikiulizwa hizo milioni nane nimezitoa wapi, niseme nini? Mwanangu, wao wamesema mimi ni mwongo. Nyinyi mnataka niwe mwongo kweli?"

Sikuwa na jibu. Baadaye nilijua kwamba mama, bila kusoma kanuni yoyote, alikuwa ameisoma vizuri kuliko sisi. Pesa nyingi zilizoingia ghafla kabla ya maombi ndicho kitu cha kwanza wanachokitilia shaka. Na Uingereza ukikutwa na hati ya uongo, au umeficha kwa makusudi kwamba uliwahi kunyimwa, unaweza kufungiwa mlango miaka 10. Kwa mtu wa miaka 63, hesabu mwenyewe. Mjukuu atafika miaka kumi hamjui bibi yake, na kosa litakuwa letu, siyo la ofisa.

Ndipo tukakaa chini na ile barua ya kukataliwa. Tuliisoma sentensi kwa sentensi, na kila sababu tukaitafutia karatasi yake. Pesa zinatoka wapi? Ekari tatu za mpunga, na vitunguu anavyouza kando ya barabara kuu. Benki hana kitu, lakini mauzo yake yanapita kwenye simu. Basi tukaomba taarifa ya mwaka mzima ya pesa za simu. Shamba ni lake? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji haki ya hati ya kimila. Mama hakuwa nayo, akaanza kuifuatilia, na kwa wakati huo tukaweka barua ya mtendaji wa kijiji. Cheti cha kifo cha baba kilichukuliwa na maji pamoja na nyumba yetu ya Kilosa, Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Kwa hiyo ilibidi kwenda kuomba nakala. Wajukuu wawili anaowalea: barua ya mwalimu mkuu. Na tarehe: ataondoka mpunga ukishavunwa, atakaa wiki sita, atarudi kabla ya kuandaa shamba. Mwanzoni kabisa tukaandika kwamba aliwahi kukataliwa, lini, na kwa sababu gani.

Barua ya maelezo niliachiwa mimi, eti ndiye mwandishi wa ukoo. Nikaanza: "Mama yangu ni nuru ya maisha yangu." Dada akapiga simu usiku huo huo: "Kaka, toa nuru, weka ekari."

Hilo neno limenichoma mpaka leo, na ndilo nililolileta kwenu. Sisi vijana tunaojiita waandishi, ni mashairi mangapi tumemwandikia mama? Machozi yapo, maziwa yapo, tumbo la miezi tisa lipo. Lakini nani kati yetu ameandika mama analima ekari ngapi, anaamka saa ngapi, anamdai nani na nani anamdai? Tumemsifu mpaka akapotea. Halafu mtu wa mbali akilifungua faili lake na kusema simwoni, tunakasirika, tunakimbilia kwa kishoka atutungie mama mwingine, mwenye milioni nane na cheo cha mkurugenzi. Tunaona aibu ya vitunguu. Kumbe vile vitunguu ndivyo vinavyomrudisha nyumbani!

Utasema: kwa nini mnyonge ndiye athibitishe? Kweli kabisa. Sheria inayomwona mgeni kuwa mwongo kabla hajafungua mdomo ni sheria ya dharau. Rufaa irudi, na anayekataliwa arudishiwe chake. Hilo tulipigie kelele bila kuchoka. Ila kelele zetu zitakuwa na nguvu gani, ikiwa mkono mmoja unaandika makala hii na mwingine unagonga mhuri wa bandia?

Naandika haya maombi ya pili yakiwa yamepelekwa, ada ya pili imeshaliwa, na jibu bado. Juzi nilimpigia mama kumtuliza moyo. Yeye alikuwa anahesabu magunia.

"Wakikataa tena?" nikamuuliza.

"Basi mtoto aletwe huku," akasema. "Mwambie dada yako, Ulaya yetu haina geti."

Nimesema yangu. Mwenye la kujibu alete; kurasa hizi ni zetu sote.