Kiumbe wa Katikati Yumo Sikioni Mwako

"Nani amewahi kumwona mnyama aliye nusu kenge, nusu mbuzi? Hayupo! Na mifupa yake haipo!" Maneno hayo yalitoka Jumapili jioni kwenye vipaza sauti vilivyoelekezwa moja kwa moja kwenye nyumba za watu, hapa hapa Bujumbura, na umati ukaitika kwa vigelegele. Mhubiri alirudia mara kadhaa, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kelele ni ushahidi. 

Kelele nimezizoea. Neno "haipo" ndilo nisiloweza kulimeza. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote ya kazi, na nimelisikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, na mwaka jana kwa daktari mwenye stethoskopu shingoni. Watu wanalitamka kwa uhakika wa kutisha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kitabu kutazama. Mifupa ipo. Imejaa kwenye makabati ya makumbusho, na mingine ilichimbwa kwa majirani zetu wa Tanzania.

Tuanze na kitu ambacho kila mtu anaweza kukipata. Nenda sokoni ununue kichwa cha mbuzi, ukichemshe mpaka nyama iachie, kisha ushike taya la chini. Kila upande ni mfupa mmoja tu, kuanzia meno mpaka kwenye bawaba inayoliunganisha na fuvu. Sasa tazama taya la mamba wa Rusizi. Mimi nimelishika kwa mikono yangu, la mamba aliyekufa, na maungio yake niliyafuata kwa ukucha. Kila upande una mifupa sita iliyoshonana, na bawaba ya mamba imeundwa na mifupa miwili ya nyuma ambayo kwenye taya la mbuzi huioni kabisa. Halafu ingia sikioni. Mamba ana kimfupa kimoja cha kusikilizia. Mbuzi ana vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na wewe unavyo hivyo hivyo.

Viwili vya ziada vilitoka wapi? Ni ile mifupa miwili ya bawaba. Ilisinyaa, ikaacha kazi ya kutafuna, ikahamia sikioni. Fundi wa gereji ya Buyenzi angelielewa jambo hili kabla sijamaliza sentensi, maana yeye haagizi spea mpya ikiwa ya zamani inaweza kuchongwa ikashika kazi nyingine.

Na mtu asiniambie huo ni uzushi wa Darwin. Mjerumani Karl Reichert aliliona jambo hili mwaka 1837 alipochunguza vijusi vya nguruwe: nyundo na fuawe huanza kuota mwishoni mwa gegedu la taya, kisha hujitenga. Kitabu cha Darwin kilitoka mwaka 1859. Sisi wenyewe tulipitia hatua hiyo tumboni mwa mama zetu. Mhubiri alipitia, na kila aliyempigia vigelegele alipitia.

Sasa, kama Reichert alikuwa sahihi, basi mahali fulani kwenye mawe lazima awepo mnyama mwenye bawaba zote mbili kwa wakati mmoja, ya zamani na mpya. Watu walitafuta, wakampata. Huko Wales walimpata Morganucodon, mnyama mdogo kama panya, wa miaka ipatayo milioni 200 iliyopita. Taya lake lina bawaba ya kitambaazi na bawaba ya kimamalia, zote kando kwa kando. Afrika haikubaki nyuma. Mwaka 1966, huko Lesotho, Ione Rudner alipata mabaki ya Megazostrodon, mdogo vile vile, na mwaka 1968 wataalamu wa visukuku Crompton na Jenkins wakamweleza kwa ulimwengu. Wachina nao mwaka 2007 wakamtangaza Yanoconodon, ambaye vimfupa vyake vya sikio vilikuwa bado vimeshikamana na taya. Nusu huku, nusu kule. Mhubiri aliomba kiumbe mmoja wa katikati, na hapa nimempa watatu bila hata kutoa jasho.

Crompton huyo huyo, mwaka 1955, alikuwa ameshaandika juu ya wanyama wa Bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanganyika, wa miaka ipatayo milioni 240 iliyopita. Hao wana bawaba ya zamani, lakini mfupa unaobeba meno umeshakuwa mkubwa na ile ya nyuma imeshaanza kusinyaa. Safari nzima ya taya inaonekana, kituo kwa kituo, na kituo kimojawapo kiko kwa majirani zetu wa Tanzania.

Nikisema haya, jirani yangu hunijibu: "Mwalimu, wewe ulikuwepo?" Hilo ndilo jibu lao kubwa. Hakuna kati yetu aliyekuwepo Ntare Rushatsi alipousimamisha ufalme wa Burundi, na hakuna Mrundi anayesema hatukuwahi kuwa na mfalme. Hakimu naye hakuwepo ng'ombe alipoibwa, lakini anahukumu kwa nyayo na kwa kamba iliyokatwa. Ukitaka mtu awe amekuwepo ndipo uamini, basi hata babu wa babu yako umkane.

Wengine husema hayo ni mambo ya Wazungu. Hao ndio wanaonikasirisha kuliko wote, kwa sababu wanafuta jasho la watu wetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba dinosaria kule Tendaguru, karibu na Lindi, wakati Urundi na Lindi ziko chini ya bendera moja. Waliochimba ni mamia ya Waafrika, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na waliobeba mifupa kichwani mpaka bandarini ni Waafrika. Leo wageni wanapiga picha chini ya jitu la Tendaguru katika makumbusho ya Berlin. Hazina kubwa zaidi kwangu si lile jitu. Mwaka 1927 mtaalamu wa visukuku Dietrich alieleza kijitaya kidogo kutoka Tendaguru, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Wolf-Dieter Heinrich alichekecha udongo uliosafiri pamoja na mifupa ile, akapata meno ya mamalia, madogo mno, ya miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Wabebaji walikuwa wamebeba mamalia wa kale bila mtu yeyote kujua.

Hivyo anayedhani mamalia walingoja dinosaria wafe ndipo watokee naye amepotoka. Mwaka 2005 wanasayansi walieleza Repenomamus wa China, mamalia aliyekutwa na mtoto wa dinosaria tumboni. Na katika Bonde la Rukwa, huko Tanzania, lilitoka taya la Galulatherium jenkinsi, mamalia wa zama za dinosaria, aliyepewa jina mwaka 2019 kwa heshima ya Jenkins yule yule wa Megazostrodon. Mawe ya milima yetu ya Burundi mengi ni ya zamani mno kuhifadhi mnyama yeyote, basi tujifunze kwa majirani.

Mimi nasali kila Jumapili, na imani yangu haijatetereka kwa sababu ya kimfupa. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuzi ni zaidi ya dhana tu. Kinachonitisha ni shule. Nimeingia maabara ambayo kabati lake halina hata fuvu moja la mbuzi, katika mji unaochoma mbuzi kila jioni, na mwalimu anaandika ubaoni "mamalia wana vimfupa vitatu vya sikio" bila kusema vimetoka wapi. Mtoto aliyenyimwa maelezo atayachukua kwenye kipaza sauti. Wizara za elimu za Burundi na Tanzania ziandikie Berlin kwa pamoja, mwaka huu, ziombe nakala za plasta za meno ya Tendaguru, zilizokuzwa mwanafunzi azione kwa macho. Mtoto wa Lindi na mtoto wa Kamenge, hapa Bujumbura, hawapaswi kuomba viza ya Ulaya ili waone kilichobebwa vichwani mwa babu zao.