Chama cha Kupewa ni Kamba ya Shingoni

WAKO vigogo wanaopenda kusema kuwa mgomo ni ugonjwa ulioletwa na Wazungu. Waambieni waende Misri. Zaidi ya miaka 3,100 iliyopita, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Farao Ramesses III, mafundi wa Deir el-Medina waliochonga makaburi ya wafalme walicheleweshewa posho yao ya nafaka. Waliweka zana chini, wakaenda kuketi penye mahekalu, wakasema kilichowaleta ni njaa na kiu. Karani aliyaandika hayo kwenye papirasi ambayo mpaka leo iko Turin, Italia. Ndio mgomo wa kale zaidi duniani ulioandikwa.

Kwa hiyo tuelewane. Mfanyakazi wa Misri hakuhitaji kufundishwa kudai haki. Alichofundishwa, tena kwa damu, ni kutofautisha chama chake na chama cha wakubwa.

Julai 23, 1952 maofisa vijana wa jeshi walimpindua Mfalme Farouk kwa jina la wanyonge. Hata mwezi haujatimia, wafanyakazi wa nguo wa Kafr el-Dawwar wakagoma, wakidhani sasa wana serikali yao. Wakapelekewa askari. Mahakama ya kijeshi ikaketi upesi, na Septemba 7 Mustafa Khamis na Muhammad al-Baqari, wafanyakazi wawili, wakanyongwa.

Baada ya kamba ikaja peremende. Chini ya Gamal Abdel Nasser saa za kazi zilipunguzwa, na kumfukuza mtu ovyo kukawa kugumu. Hayo yalikuwa mema, hatuyakatai. Lakini mwaka 1957 likaundwa shirikisho moja tu la vyama vya wafanyakazi, nalo dola ikalishika mkononi.

Matunda yake yakaonekana wakati wa Hosni Mubarak, viwanda vya umma vilipoanza kuuzwa miaka ya 1990. Mfanyakazi alimtafuta msemaji wake, akamkuta amekaa upande wa mwajiri. Sheria ya kazi ya mwaka 2003 ilikubali mgomo, ila kwa ridhaa ya theluthi mbili ya bodi ya chama kikuu. Yaani ukitaka kugoma, ukamwombe ruhusa yule aliyewekwa kukuzuia! Hiyo ni haki au ni dhihaka?

Desemba 2006 dhihaka hiyo ilifika mwisho huko Mahalla al-Kubra, kwenye kiwanda kikubwa cha nguo cha serikali. Waziri Mkuu alikuwa ameahidi bonasi ya mishahara ya miezi miwili. Siku ya malipo, haikuonekana. Waliotoka kwanza ni akina mama wa ushonaji, wakaenda kuwauliza wanaume waliokuwa bado kwenye mashine: wanaume wako wapi? Vijana, swali hilo linawahusu. Wakagoma zaidi ya 20,000, na serikali ikakubali bonasi ya siku 45. Viongozi wa tawi la chama walikuwa wapi? Upande wa menejimenti. Maelfu wakataka waondolewe, shirikisho likagoma kuwaondoa. Huo ndio mgomo pekee lililouweza.

Wakusanya kodi ya majengo wakajifunza. Desemba 2007 walilala barabarani Cairo na familia zao mpaka mishahara ikapandishwa. Kisha wakaunda chama chao wenyewe, kikatambuliwa mwaka 2009, cha kwanza kuwa huru tangu 1957. Februari 2011 migomo ilipoenea nchi nzima, siku za Mubarak zilikuwa zinahesabika. Februari 11 akaondoka.

Je, hadithi iliishia hapo? Thubutu! Mwaka 2017 ilitungwa sheria mpya iliyovitaka vyama huru vijisajili upya, na vingi vikakwama mlangoni. Dola haikusahau somo la 1957. Swali ni kama mfanyakazi naye hakulisahau.

Tunajua watakaosema migomo inaua uchumi. Tunawauliza: aliyeahidi bonasi kisha akaikalia, yeye anajenga uchumi gani?

Kijana unayeingia kiwandani leo, popote ulipo, kabla hujakatwa mchango wa chama uliza jambo moja: viongozi wake wamechaguliwa na nani, na nani anaweza kuwaondoa? Ukijibiwa kuwa si wewe, basi unachochangia ni kamba ya kukufungia.