MAJI KATIKA TANGI

Sisi tunaohudumia ndege ndogo twavijua viwanja vya Kitui, Makindu na Mtito Andei. Petroli ikiletwa huko kwa mapipa, na pipa likasimama nje usiku wa mvua, maji hupenya kizibo. Maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini ya tangi, na huko chini ndiko injini hunyonya. Ndege huondoka vizuri, kisha injini hunyamaza juu ya miti.

Dawa yake ni dakika chache: kukinga mafuta katika chupa kutoka chini ya kila tangi na kuyatazama kwenye mwanga. Petroli ya 100LL ni buluu. Chupa isiyo na rangi yaweza kuwa maji matupu, au mafuta ya jeti.

Lakini abiria ana haraka, tajiri atazama saa, na kibarua aogopa kusema. Twasema wazi: mfanyakazi asemaye "Bado" asifukuzwe wala asikatwe mshahara, chama kisimame naye. Nasi tusitie sahihi kazi tusiyoifanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Angani hakuna ukuta wa kujenga.