Damu kwenye mswaki si dalili ya uzee

SHANGAZI yangu wa Ukunda ana umri wa miaka 52. Mwaka mmoja hivi baada ya hedhi yake kukoma, alianza kuona damu kila alipopiga mswaki. Fizi zilimvimba, pumzi ikanuka, hata akawa anazungumza na wageni huku amejiziba mdomo kwa leso. Nilipomuuliza kwa nini haendi kwa daktari, alinijibu: "Mwanangu, haya ni mambo ya utu uzima. Tena nasikia huko hupasuliwa ufizi. Jino likilegea nitaling'oa, basi."

Mpenzi msomaji, huenda nawe una mama au dada mkubwa anayesema hivyo hivyo. Shangazi alikosea mara mbili.

Kwanza, kukoma kwa hedhi hakung'oi meno. Wanawake wengi hufikia hatua hiyo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Wakati huo homoni iitwayo estrojeni hupungua mwilini. Baadhi yao hukaukwa na mate, ufizi ukawa mwembamba na mwepesi kuumia, na mifupa, ukiwemo wa taya, ikapungua nguvu. Lakini unaoanzisha ugonjwa ni ukoga, ule utando wa viini unaoganda kwenye meno. Usipoondolewa huwa mgumu kama jiwe, ukateremka chini ya ufizi, na kijishimo kikatokea kati ya ufizi na jino. Hapo mfupa unaoshika jino huliwa polepole, aghalabu bila maumivu. Ugonjwa wa kisukari na tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, huzidisha madhara hayo.

Wala haya si maradhi ya kina mama peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban watu wazima 98 kati ya kila 100 hapa Kenya walikuwa na fizi zinazovuja damu.

Pili, si lazima kupasuliwa. Matibabu huanza kwa kusafisha. Daktari hupima kina cha vijishimo kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita. Ufizi wenye afya huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Kikizidi hapo na damu ikatoka, pana kasoro. Kisha hukwangua ukoga juu ya ufizi na chini yake, hadi kwenye mizizi, kwa vyombo vya mkono au kwa mashine inayotetema. Palipo na kina kirefu, mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi. Baada ya miezi 2 au 3 hupimwa tena. Mara nyingi huonekana kwamba damu imekoma na ufizi umenywea na kulishika jino. Upasuaji hufikiriwa tu pale vijishimo virefu vinapobaki.

Hata hivyo, mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Matibabu haya huuzuia usizidi kuliwa. Ndiyo maana kuchelewa kuna gharama.

Nilimshawishi shangazi tukapanda matatu hadi Msambweni kwa daktari wa meno. Alisafishwa kwa siku mbili tofauti. Miezi mitatu baadaye damu ilikuwa imekoma. Lakini gego moja la nyuma lilikuwa limekwisha kulegea mno, likang'olewa. "Ningalikuja mwaka jana," alisema njiani, kisha akanyamaza.

Nyumbani, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, na upitishe uzi kati ya meno. Mswaki wa mti pia unafaa, ikiwa ncha imetafunwa ikalainika na inafika mpaka meno ya nyuma. Epuka mkaa na mchanga, kwani hukwaruza meno. Maji ya chumvi yenye uvuguvugu hutuliza ufizi, lakini hayawezi kung'oa ukoga uliokwisha kuwa mgumu. Kinywa kikikauka, kunywa maji kidogo kidogo badala ya soda. Usijinunulie vidonge vya kuua viini kwenye kemisti bila kuandikiwa na daktari. Na kabla ya jino kung'olewa, mweleze daktari iwapo una kisukari au unatumia dawa za kuimarisha mifupa. Ukishapona, rudi ukaguliwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, kadiri utakavyoelekezwa.

Nanyi wanafunzi mnaokwenda likizo, muulizeni mama kama mswaki wake una damu. Huenda anaona haya kulisema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywani ni ghali kuujenga upya.

Juzi nilimkuta shangazi kibarazani akitafuna hindi la kuchoma, leso ikiwa begani. Hadi Jumapili ijayo.