Mkulima wa muhogo si mbishi, afikishiwe mbegu

KILA linapozungumzwa suala la kilimo cha kisasa, hakosi mtu wa kusimama na kudai kuwa wakulima wa Mtwara ni wagumu kubadilika, wameng'ang'ania mbegu za babu zao. Kwa maoni yangu, lawama hiyo haiwatendei haki.

Tuchukue mfano wa muhogo, chakula cha kutegemewa kuanzia Msimbati hadi vijiji vya bonde la Ruvuma. Adui yake mkubwa ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliotambuliwa kule Amani, Tanga, tangu mwaka 1936. Ubaya wake ni kwamba mmea huweza kuonekana mzima juu, kumbe mizizi imeoza chini. Mkulima hugundua hasara siku ya kuvuna.

Aliyepata hasara ya namna hiyo hana haja ya kuhubiriwa faida ya mbegu bora. Ushahidi ni Kiroba, aina inayouvumilia ugonjwa huo, ambayo wakulima wa ukanda wa pwani waliipokea kwa sababu pia ni tamu.

Hapo kuna somo. Mkulima ana maswali yake: Je, unalika bila kuchachushwa? Unafaa kwa makopa na ugali? Unaweza kukaa ardhini hadi uhitajike? Mbegu isiyojibu maswali hayo, hata ikiwa na mavuno mengi, itaishia kwenye shamba darasa.

Jambo la pili ni upatikanaji. Ekari moja, kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, inahitaji pingili 4,000 hivi. Mzigo huo haubebeki kwa baiskeli, na ukicheleweshwa juani hukauka. Kampuni za mbegu nazo hazivutiwi, kwa kuwa mkulima akishapanda mara moja, msimu ujao hukata mbegu shambani mwake. Asiye nayo huomba kwa jirani, na pamoja na mbegu huchukua na ugonjwa.

Kituo cha utafiti cha Naliendele kiko jirani tu na mji wa Mtwara, lakini mbegu haitembei yenyewe hadi kijijini. Halmashauri ziwezeshe vikundi vya kuzalisha mbegu safi katika kila kata, TOSCI ivikague, na wakulima, hasa akina mama wanaopika, waonje kabla aina mpya haijaidhinishwa.

Mbegu ikifika kijijini kabla ya mvua na mkulima akaikataa, hapo ndipo tumwite mbishi.