Barabara ya Morogoro si ya Mabasi Pekee

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kutoa huduma Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, macho ya wengi yalielekezwa kwenye njia zake maalumu. Hata hivyo, mradi huo wa kilomita 20.9 uligawa upya barabara nzima: pembeni zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Hizo ndizo zinazovamiwa. Bodaboda hupita humo kukwepa foleni, na meza za biashara huwasukuma watembea kwa miguu, wakiwemo watoto wa shule, hadi kwenye magari. Abiria wengi hufika kituoni kwa miguu. Katika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, ambako mfumo huohuo umejengwa, ulinzi wa njia hizo unastahili uzito uleule unaopewa njia za mabasi.