Roho za Watoto ni Amana



Usiku wa kuamkia mwaka 2023, katika tamasha la muziki pale Freedom City, nje kidogo ya Kampala, watu walikanyagana baada ya fataki kwisha. Wasiopungua 9 walikufa, wakiwemo watoto.

Baadhi yetu husikia habari kama hizi wakasema: "Wamejitakia, nani aliwatuma kwenye maasi?" Tunaomba tuyaache maneno hayo. Je, tumesahau Tabora? Siku ya Idi, Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa kubanana na kukosa hewa ndani ya ukumbi wa disko. Hao ni watoto waliotoka kusherehekea sikukuu yetu.

Anayejaza ukumbi kupita kiasi na kufunga milango kwa tamaa ya viingilio amekhini amana, na sheria imuulize. Lakini nasi tujiulize: mtoto amekwenda wapi, na nani, na pesa ya kiingilio ilitoka kwa nani? Tukiwakataza disko, basi tuwaandalie Idi yao mchana, uwanjani, wakiwa na watu wazima wa kuwaangalia. Kukataza peke yake hakutoshi.

Allah awape subira wafiwa. Amin.